Vigelegele Kwenye Maikrofoni

Mjukuu wangu Salma,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Sote wazima, mamako keshapona mafua. Umepata leseni ya redio ya mawasiliano kama yangu! Nimeruka ukumbini kama mtoto.

Wauliza mbona sauti yako hukatika ukifurahi. Nami yalinifika. Siku ya kwanza kumsikia kakangu redioni kutoka Kaloleni, nilipiga vigelegele hapa Mambrui, mdomo kwenye maikrofoni. Akapata mikwaruzo tu, karibu azime. Sauti ikizidi, wimbi hutanuka kupita njia yake, na redio ya pili huikata. Nikasogea nyuma, nikasema taratibu, "Kaka, ni mimi."

"Sasa nakusikia hadi pumzi, dada!"

Siku hizi masikio yangu mazito, na nyumba nzima hunipigia kelele, nami napata mikwaruzo tu. Wewe niite taratibu, nikusikie.

Bibi yako