Ndege Aliyewarudisha Wazee wa Posa

Mama yangu mpendwa,

Uko aje, na hilo goti lako je? Bado unachechemea, au ile dawa ya kuchua imesaidia? Mimi mwili ni mzima. Kwa mengine nisikudanganye, Mama, nachuma chai na kutia majani mabovu kikapuni, na supavaisa ameniambia nipumzike.

Unamkumbuka Chebet, jirani yangu hapa kambini, yule aliyekuchekesha kwa simu na Kikisii chake kibovu? Alikuwa aolewe na Kipkoech, dereva wa trekta inayobeba majani yetu kwenda kiwandani. Kijana mcheshi huyo! Alinunua koti la bluu la siku ya posa, akalileta kwangu nimfichie, ili Chebet asilione. Lilining'inia kwa msumari juu ya kitanda changu mpaka siku ilipokaribia, akaja kulichukua.

Siku yenyewe, Jumamosi, nilikuwa kwa kina Chebet, Silibwet. Mbuzi amechinjwa, mursik, yale maziwa yao ya kuganda, iko tayari kwa vibuyu, mama yake anachungulia barabara kila saa. Wageni hawaonekani. Mwishowe Kipkoech akapiga simu: wazee wamegeuza gari. Ati walikuwa wametoka tu kwao Sotik, wakasimama kumngoja mwenzao, ndipo yule ndege anayegonga miti akalia upande mbaya. Baba mdogo wa Kipkoech, ndiye aliyeongoza msafara, akasema leo hakuna posa. Kwao hiyo ni ishara ya kifo, na mtu habishani nayo. Watakuja siku nyingine.

Mimi nilikasirika na jinsi nilivyokatakata vitunguu! Chebet alicheka tu. "Huyo ndege hana kazi," akasema.

Kipkoech alikuwa ameomba likizo ya wiki nzima akae na wakwe. Akaikatiza, ati aitunze kwa siku hiyo nyingine. Jumapili jioni akanirudishia koti. "Lishike tena, Kemunto. Bado halijafanya kazi yake."

Jumatatu mvua ilinyesha. Trekta iliteleza kwenye mteremko ulio chini yetu, ikapinduka na tela lake. Tulitupa vikapu tukakimbia. Woi, Mama! Wanaume waliinua, wakasukuma, wakaita jina lake. Walipomtoa alikuwa ameshaenda. Mimi nilijikuta nimeshika kiatu chake, na mpaka leo sijui nilikiokota wapi.

Ni mimi niliyempigia Chebet simu, bado alikuwa kwao Silibwet. Alipokea akicheka. "Eeh, Kemunto, niambie, wamesema watarudi lini?"

Koti nililitoa mwenyewe msumarini, nikawapa watu wa kwao, akazikwa nalo. Na kwa sababu posa haikufika, Chebet hakuwa mke wa mtu. Familia ilipoitwa mbele kaburini, yeye hakuitwa. Alisimama nyuma kabisa na sisi wachuma chai. Watu wakanong'ona kwamba ndege alijua, ati amemwokoa asiwe mjane. Amemwokoa na nini? Wangefika Jumamosi ile, Jumatatu Kipkoech angekuwa Silibwet anakunywa mursik na mashemeji! Sasa huyo ndege alikiona kifo, au ndiye aliyemrudisha kwa kifo? Haki, Mama, kichwa changu kimekataa kabisa.

Baada ya maziko, yule baba mdogo alimfuata Chebet, kofia mkononi. Akamwambia, "Mtoto wangu, heri ningekuwa kiziwi siku hiyo."

Ndiyo maana nimeandika, maana kwa simu ningelia tu. Uliniambia unataka kuwarudisha watu wanaokuja kumposa mdogo wangu Nyaboke, kwa sababu nyoka alikatiza njia ukitoka kuteka maji. Siku ile nilinyamaza kwa heshima. Sijui nyoka anajua nini, Mama. Mimi nimeona tu mtu akirudishwa njiani, na Jumatatu akafa.

Nisalimie Baba, mwambie sweta nitamletea. Nisalimie shangazi muuza maziwa, na Nyaboke mwenyewe, nampenda sana.

Chebet analala kwangu siku hizi, hawezi kukaa peke yake nyumbani kwake. Yuko hapa kitandani, ameutazama ule msumari mpaka nimetamani kuung'oa. Nimemwuliza nikuambie nini kuhusu wageni wa Nyaboke. Akasema, "Mwambie mama awashe moto apike. Waje hata kama ni mvua ya mawe."

Ni mimi binti yako,
Kemunto