Kabla Hatujampa Mtoto Jina Lako

Mwaitu,

Nimejifungua. Ni msichana, wa pili, na wa pili kwetu hupewa jina la mama wa mama yake, kwa hivyo unajua jina ni lako. Jumamosi shangazi na akina mama wa kanisa wanakuja hapa Tawa kumwona, na kila mtu ameshaanza kumwita Mbithe isipokuwa mimi. Mimi namwita "mtoto" tu. Naogopa kumpa jina hilo, mama, na nimeona nikwambie wewe kwanza.

Mimi pia nilikuwa wa pili, nikapewa jina la mama yako, susu Kalondu, yule aliyemfukuza naibu wa chifu kwa mwiko. Ndiyo maana uliniita Mwaitu, mama yangu, tangu nikiwa na kamasi puani. Nikivunja sahani, nikijifungia chumbani kwa sababu rafiki yangu amecheza na mwingine, ulikuwa unawaambia ndugu zangu, "Wacheni, huyo ni susu ameamka." Nyumba nzima inanipisha. Hakuna aliyeniuliza naumwa wapi. Hata mimi niliamini uchungu ule si wangu, nimebebeshwa tu pamoja na jina.

Nilipokuwa mtu mzima nilivaa sweta hata kwenye jua la Januari, ili usione makovu niliyojitia mikononi. Uliona. Hukusema.

Na ile mara ya mwisho uliponitembelea. Asubuhi nilikufukuza kwa maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa. Hata hujafika stendi, nikakupigia simu nikilia, kwa nini umeniacha. Ukarudi na mkoba wako juani, ukasimama mlangoni ukasema, "Nimesahau mwavuli." Hukuja na mwavuli siku hiyo. Ulinitafutia njia ya kutoaibika, na mimi sikukuomba hata msamaha. Miezi mitatu baadaye presha ikakuchukua, nikajua ni mdomo wangu uliokuua.

Baada ya mazishi nilizidiwa, Muthama akanipeleka hospitali. Namshukuru Mungu kwa mume huyo, ingawa anakoroma. Daktari aliandika jina refu la Kiingereza, borderline personality disorder. Mshauri, msichana mdogo wa kutoka Tseikuru, akanieleza polepole: hisia zangu zinapanda haraka kuliko za wengine na zinakawia kushuka, na hofu ya kuachwa inanifanya niwafukuze watu kabla hawajaenda. Akasema mtu hujifunza kuishi nayo, taratibu, kama anavyojifunza kazi ya mikono.

Kila Jumanne kliniki tunakaa watu kumi kwa duara. Nyumbani tunajaza karatasi kila siku: nilihisi nini, kwa nguvu kiasi gani kati ya sifuri na kumi, nilitaka kufanya nini, nikafanya nini. Wiki ya kwanza niliandika, "Susu alikasirika, tisa." Mshauri akasoma, akaniangalia. "Na huyu susu ndiye anakuja kliniki Jumanne, ama ni wewe?" Nilicheka. Halafu nikalia mpaka aliyekaa kando yangu akanipa leso yake. Jioni hiyo niliandika kwa mara ya kwanza: mimi, Kalondu, nimeumia.

Sijapona, nisikudanganye. Lakini mwezi uliopita Muthama alichelewa sokoni, simu imezimwa, na ile hofu ikaanza kupanda. Nikajaza karai maji baridi, nikatia uso ili hisia zishuke, kama tulivyofundishwa. Yalikuwa maji ya kunywa, mama, ungeniuliza nani ataenda kuchota mengine. Alipofika sikumrushia kitu. Nilimwambia, "Nilidhani umeniacha." Akabaki amesimama na kabeji yake mkononi. Nilijivunia sana.

Nimejifunza pia kwamba nilikupenda na nilikukasirikia, siku moja, saa moja, na yote mawili ni kweli. Na kwamba maneno yangu yalikuumiza lakini hayakukuua. Hilo la pili bado nalifanyia kazi. Nisamehe, mama.

Sasa jana shangazi alitangulia kuja. Mtoto akaanza kulia, naye akacheka, "Huyo ni Mbithe, hajawahi kupenda kungojeshwa chai." Wote wakacheka. Mimi niliona mlango uleule niliofungiwa na jina ukifungwa tena, huyu mdogo akiwa ndani. Nikamchukua, nikamfungua nguo. Alikuwa amelowa tu. Nikamwambia shangazi, kwa heshima, "Aunty, si Mbithe. Ni mtoto, na amelowa." Akaninunia mpaka chakula kikaiva.

Kwaheri, mama. Umechoka vya kutosha na mambo yetu, pumzika. Jumamosi nitampa jina lako mbele ya watu wote, kwa sababu nataka kulitamka kila siku. Lakini nakuahidi: akilia, nitamwuliza yeye ana nini, na nitangoja anijibu.

Mtoto wako,
Kalondu