Matumizi ya Nyumbani

Jumatatu, 3 Machi

Kompyuta imefika. Imekaa kaunta, pale pale palipokuwa na mizani ya misumari. Mizani nimeishusha chini, masikini, kama mgeni aliyenyang'anywa kiti. Mwalimu aliyekuja nayo ni msichana mwembamba, chingamu haimtoki mdomoni, ila ana subira ya ajabu. Anasema kila kilichomo dukani kitaingia humo: jina, bei, idadi. Kikiuzwa kinapungua chenyewe. Na hata nikiwa mbali nitaona mauzo yote kwenye simu.

Nikiwa mbali — hilo ndilo lililonifanya niinunue. Binti yetu anajifungua katikati ya mwezi, mtoto wa kwanza, na kwake ni safari ya kutwa nzima. Nimemwahidi nitakuwepo. Lakini duka zima liko kichwani mwangu, na kichwa nitaondoka nacho. Atakayebaki ni Mzee. Mume wangu ameendesha malori maisha yake yote. Kwake skrubu ni skrubu tu, iwe ya mbao au ya bati.

Jioni binti yetu akapiga simu, akauliza: baba naye atakuja? Nikampa Mzee aongee mwenyewe. Akasema duka halina wa kuachiwa, halafu yeye na safari wameshaachana, tena kwa talaka tatu. Akacheka. Binti hakucheka.

Jumatano, 5 Machi

Siku nzima kuingiza majina. Mimi nataja, mwalimu anaandika. Tulipofika rafu ya vyoo akasimama. Mama, "kile kidude kinachoelea kwenye tangi" ndilo jina lake? Nikamuuliza mteja akija huwa anasemaje. Akafikiri, akaandika hivyo hivyo.

Sasa hivi tuna "gundi inayonuka" na "gundi isiyonuka". Mzee amepita, amesoma, amesema hii kompyuta angalau inaongea lugha ya nyumbani.

Ijumaa, 7 Machi

Zamu ya Mzee kufundishwa. Vidole vile! Kimoja kinaangukia herufi mbili. Anaishika mausi kama anaogopa itamtoroka.

Mwalimu ametupa sheria moja kubwa. Hakuna kitu kinachotoka rafuni bila kuandikwa, hata tunachochukua sisi wenyewe. Unachagua "matumizi ya nyumbani", bei sifuri, na pembeni unaandika ni cha nini. Mzee akauliza, hata msumari? Hata msumari, baba. Akanitazama mimi kama mtu aliyeambiwa aombe ruhusa ya kukaa kwenye kochi lake.

Jumamosi, 8 Machi

Nimemwachia duka asubuhi yote, nikaenda kusuka. Nimerudi na kichwa kinaniuma, namkuta anapiga mluzi. Printa imeimba tangu asubuhi, kila mteja na risiti yake, foleni hakuna. Anasema, mbona rahisi hivi, mlikuwa mnanitisha nini?

Nimefurahi. Na kidogo — niseme kweli, nani anasoma — kidogo nimeumia. Miaka yote hii najiona nguzo ya duka, kumbe asubuhi moja tu na mambo yanakwenda.

Jumatatu, 10 Machi

Nguzo imerudi mahali pake!

Fundi bomba kaja na risiti yake ya Jumamosi. Alinunua koki. Mama Duka, anasema, mwenye nyumba ananiuliza tangi la maji na bawaba wapi na wapi? Nasoma: BAWABA NDOGO. Nikafungua kompyuta. Mwenye rangi, bawaba ndogo. Mwenye saruji, bawaba ndogo. Mama aliyechukua balbu, naye bawaba ndogo. Mji mzima Jumamosi umenunua bawaba.

Mzee hakuona tatizo. Bei alisoma kwenye kibandiko, akapokea, akarudisha chenji, yote sawa. Ila bawaba ndogo ndiyo ya kwanza kwenye orodha: ukibonyeza ile batani kubwa, inajiandika yenyewe, karatasi inatoka. Si walitaka karatasi?

Sasa kompyuta inasema bawaba tulizonazo ni pungufu ya sifuri. Nimeuza kwenye duka hili miaka na miaka, vitu vimewahi kuniishia, ila kuwa na vichache kuliko hakuna ni mara ya kwanza. Nilicheka mpaka nikakaa juu ya mfuko wa saruji. Fundi bomba naye akakaa.

Alipoondoka kicheko kikanikatika. Nikamwambia Mzee basi, siendi. Nitampigia mtoto nimweleze. Mzee akavua miwani, akaifuta kwa shati. Usimpigie, akasema. Nipe mpaka Alhamisi.

Alhamisi, 13 Machi

Amekaa na ile mashine kama anasomea mtihani. Leo nimekagua kimoja kimoja: koki ni koki, rangi ni rangi. Na sheria ya mwalimu ameishika kuliko mwalimu. Nimekuta: "Balbu 1. Matumizi ya nyumbani. Chooni." Chini yake: "Msumari 1. Matumizi ya nyumbani. Kutundika kalenda." Msumari mmoja! Nimempiga busu la kichwani, akauliza hilo nalo aliandike wapi.

Naondoka Jumamosi. Begi liko tayari.

Nimemkumbusha afunge vizuri. Akasema afunge nini tena, si komeo la ndani lipo? Kweli. Tunalala nyuma ya duka, mlango wa mbele tunaukomea kwa ndani. Kufuli la nje lililiwa na kutu tukalitupa, hatukununua jingine, maana tangu Mzee astaafu nyumba hii haijawahi kukosa mtu. Hilo ndilo jambo lake la kujivunia.

Jumapili, 16 Machi

Niko kwa binti. Tumbo lile! Mkwe wetu anazunguka nyumba akibeba vitu na kuvirudisha palepale. Ananiita mama kila baada ya neno.

Asubuhi nimefungua simu kuangalia mauzo ya jana. Yako sawa, mpaka nimeona wivu. Lakini kilichonifurahisha ni pembeni, mahali pa maelezo. Mzee ameanza kuongea na mimi humo. "Msasa 2. Fundi bomba anakusalimu." "Kidude kinachoelea 1. Mteja kasema jina zuri."

Halafu hii: "Rangi nyeupe, kopo dogo. Matumizi ya nyumbani. Kitanda cha mtoto." Kile kitanda cha mbao alicholalia binti mwenyewe, kiko stoo tangu alipoanza kutembea! Nikampigia. Akasema anakipaka tu, wakija kututembelea siku moja kiwe safi. Simu akakata upesi, eti kuna mteja.

Binti aliniuliza baba kasemaje. Nikasema anakusalimu. Akaitikia "haya", akageukia dirisha. Mtoto anayejifungua mara ya kwanza anamtaka mama yake, sawa, niko hapa. Lakini huyu ni wa baba tangu utotoni. Alikuwa hali mpaka asikie honi ya lori.

Jumanne, 18 Machi

Uchungu umeanza alfajiri. Tuko hospitali, naandikia kwenye benchi la korido. Nesi kasema muda wa kuzaa bado, tusubiri. Mkwe anasubiri kwa miguu, korido nzima ni yake.

Nilimtumia Mzee ujumbe: tuko hospitali. Akajibu "Sawa." Basi. Nilikasirika. Mwanao yuko ndani, unajibu sawa kama umeagizwa misumari?

Ili nisikasirike zaidi nikafungua mauzo. Mteja mmoja wa mapema, brashi. Halafu:

"Kamba, mita sita. Matumizi ya nyumbani. Kufungia kitanda."

"Turubai 1. Matumizi ya nyumbani. Mvua."

Nikasimama. Mkwe naye akasimama, akidhani nesi ameita.

Kisha kimya. Hakuna aliyeuziwa kitu, siku ya Jumanne, saa za mafundi! Nimepiga simu, inaita tu. Mzee hapokei simu akiwa kwenye usukani, hajawahi. Nikafungua tena, na mstari wa mwisho ulikuwa huu:

"Kufuli kubwa 1. Matumizi ya nyumbani. Mlango wa mbele, kwa nje."

Nalia hapa kwenye benchi na kucheka, watu wananiangalia. Gari kaazima kwa nani? Kwa fundi bomba mwenye pikapu, hakuna mwingine.

Nesi ametoka. Bado, anasema, ila binti yangu anauliza kama baba yake amepiga simu. Nimjibu nini? Simu hajapiga. Ameandika kufuli.