Kwaya Iliyo Mwisho wa Kaseti ya Daudi

Jumatatu, Karatu. Ukungu haujaondoka tangu asubuhi. Nimevaa sweta ya marehemu kaka yangu Daudi. Inanuka moshi wa jikoni tu sasa, harufu yake mwenyewe imekwisha.

Nimekaa intaneti kafe nikimsubiri Sulle, rafiki yake. Yuko ng'ambo ya barabara kwa fundi redio, wananakili kaseti yenye sauti ya Daudi. Ni hiyo moja tu tuliyobaki nayo. Naogopa redio isije ikautafuna mkanda. Ndiyo maana naandika, mikono isikae bure.

Sisi ni watu wa kambini, kwenye shamba la kahawa kule Oldeani. Babu alitoka Burundi kuja kuchuma kahawa, akazikwa huko huko shambani. Baba alizaliwa kambini, na sisi pia. Lakini ukikorofishana na mtu bombani, neno la kwanza utakaloambiwa ni rudi kwenu.

Daudi hakuwa akijibu bombani. Alijibu kwa hip hop. Alijifungia chumbani akifanya mazoezi peke yake, na mama akiwa nje anapepeta mahindi alikuwa akimuuliza, "Daudi, unagombana na nani humo ndani?"

"Na wakubwa, mama."

"Basi gombana polepole, kuku wanatoka kwenye mayai."

Alirekodi wimbo mmoja tu, kwenye redio ya Sulle. Kaseti tupu hakuwa nayo, akachukua ya kwaya ya mama. Mama alinuna wiki nzima. Hadi leo wimbo wa Daudi ukiisha, kwaya inaingia katikati ya neno.

Mwezi wa tatu alishikwa na homa. Mvua ilikuwa imekata barabara, gari halikufika.

Tangu hapo kaseti ilikaa kwenye fundo la kitenge cha mama. Hakuisikiliza na hakumpa mtu. Sulle aliomba akainakili mjini, akakataliwa. Mkanda ukikatika, tutamsikia wapi tena?

Halafu wiki iliyopita msimamizi wa shamba alitangaza kwamba wote ambao wazee wao walitoka nje ya nchi watahama nyumba za kambi mavuno yakiisha. Jana, baada ya ibada, ukaitishwa mkutano. Msimamizi alikuja, mwenyekiti wa kijiji naye akaja. Vijana wakaomba wimbo wa Daudi upigwe mbele ya hao wawili. Nilijua mama atakataa.

Mama alifungua fundo.

Sauti ikatoka, nyembamba kuliko nilivyoikumbuka, na kwa nyuma kuku wetu wakisikika.

"Babu kalala hapa, chini ya mibuni,
mnaniuliza kwetu, nami nimezaliwa kambini."

Hakuna aliyepiga makofi. Wazee ambao siku zote waliuita muziki ule kelele walikuwa wameinamisha vichwa. Wimbo ukaisha, kwaya ikaingia, Sulle akanyoosha mkono azime.

"Iache," mama alisema.

Tukawasikiliza wanawake wa kambi wakiimba, na sauti ya mama, ya enzi za usichana wake, ikipanda juu ya zote. Wengine waliokuwa kwenye kwaya ile hawapo tena.

Msimamizi alisema atafikisha maneno yetu kwa wenye shamba. Hakuahidi kitu. Mwenyekiti alisema hakuna atakayehama kabla kijiji hakijajibiwa. Ndicho tulichopata.

Tukarudi nyumbani pamoja na Sulle. Tulipokaribia mlango mama akasimama.

"Mimi nilidhani anacheza," akasema. "Kumbe alikuwa anagombana kwa ajili yetu."

Kisha akamkabidhi Sulle ile kaseti, akamshikilia mkono kidogo kabla ya kumwachia.

"Kainakili, mwanangu. Lakini kwaya usiikate."

Sijawahi kumwona mama akimpa mtu kitu kwa shida namna ile.

Sasa namwona Sulle anavuka barabara, ameinua kaseti mbili juu ili nizione. Machozi yananitoka hapa mbele ya watu, na dada wa kafe anajifanya hanioni. Namshukuru.

Moja itarudi kwenye fundo la kitenge. Nyingine nitaipiga kesho asubuhi, mlango ukiwa wazi, na kuku watoke kama wanataka.