Ulimi wa Tatu wa Likembe

Kazi moja, 4 Mei 1953
Juma la kazi limeanza, na ni zamu yangu tena kufagia kapela ya shule. Vumbi jekundu limeingia hata kwenye kinanda. Baadaye somo la muziki. Masere Bernadeta, mtawa wetu, alisema hapo kale nota hazikuwa na majina. Mtawa mmoja wa Ulaya akachukua silabi za mwanzo za mistari ya wimbo wa kanisa, akazipa nota. Ut, re, mi. Baadaye ut ikawa do. Siku nzima nimewaza: kabla ya kuitwa, ziliishi wapi? Kati ya mi na fa ni nusu hatua tu. Kama kizingiti.

Kazi mbili, 5 Mei
Baba alitoka kazini kwenye reli, akanawa, akachukua likembe la marehemu babu. Kisanduku kidogo, ndimi tisa za chuma za kupigwa kwa vidole gumba. Siku ya Mungu tunamaliza matanga ya babu, na baba atapiga wimbo wa babu. Dada yake, Shangazi Mujinga (kwetu ni jina jema), amekuja na treni kutoka kaskazini kwa ajili hiyo.
Baba huniita mama, kwa sababu nina jina la mama yake. Napenda sana.
Lakini leo nilisikia kitu. Ulimi wa tatu si mi. Uko chini ya mi, na haufiki mi bemoli, ile nota ya nusu hatua chini yake. Hauna jina. Nilimwonea baba haya. Wageni watasikia. 

Kazi nne, 7 Mei
Nimefanya. Nilibeba likembe ndani ya kikapu, chini ya vitambaa vya kufutia. Kapela ilikuwa tupu. Ukivuta ulimi urefuke, sauti inashuka. Ukiusukuma ndani, inapanda. Nilibonyeza kinanda, nikasukuma, nikasikiliza. Ndimi zote tisa sasa zinafuata kinanda. Mwanga wa madirisha ulikuwa wa buluu mikononi mwangu, na ilikuwa kama nawabatiza watoto.
Baba simwambii. Atasikia mwenyewe.

Kazi tano, 8 Mei
Baba alipiga. Akaacha. Akapiga tena. Akaligeuza likembe, kama anatafuta ufa.
"Marta." Si mama. Marta. "Ulifanya nini na likembe ya baba yangu?"
Nilisema nimelirekebisha.
Hakunipiga. Afadhali angenipiga. Amejaribu kurudisha ndimi, ameshindwa. Anasema nyundo za reli zimekula masikio yake. Aliyezipanga ni babu, na babu hayupo.
Keshokutwa hakuna wimbo. Nimeuua mimi. Kwa kujua do re mi!

Siku ya posho, 9 Mei
Shangazi alikuwa anamenya karanga uani. Nilimwambia yote. Alicheka mpaka karanga zikamwagika.
"Eh, masere mudogo! Kesho utafundisha na kuku balie do re mi?"
Halafu akaokota karanga. Akasema babu hakupanga sauti peke yake hata siku moja. Alimkalisha yeye shangazi, akiwa bado mtoto, aimbe, na ndimi zikafuata. Kila ulimi ulikuwa na mtu wake nyumbani. Ule mpana, mama yake babu.
"Ile ya tatu iko ya miye. Lete."
Aliimba sauti ya kila mtu kama alivyoikumbuka, nikavuta. Kwenye ulimi wa tatu mkono wangu ulisimama wenyewe penye mi.
"Shusha."
Nilishusha.
"Shusha tena. Weye unasikiliza kinanda. Kinanda haiko hapa. Miye niko."
Nilifumba macho. Harufu ya karanga mbichi. Sauti yake ina mchanga kidogo ndani. Nilivuta polepole, kama kuvuta uzi kutoka kwenye nguo. Halafu sikujua tena kipi ni chuma na kipi ni shangazi. Aliponyamaza, bado alikuwa anaimba.

Siku ya Mungu, 10 Mei
Baba alijaribu ulimi wa tatu kwanza, kwa kidole gumba. Alimtazama dada yake. Hakunitazama mimi.
Alipiga wimbo wote. Shangazi aliimba. Watu wengi walilia, wengine walicheza wakiwa wamekaa. Hakuna aliyeona kosa. Halikuwepo.
Nimeuandika wimbo katika daftari la muziki. Kila panapokuja nota ya ulimi wa tatu, nimeacha nafasi tupu.
Wageni walipoanza kuondoka, baba aliweka likembe mapajani, akanyoosha mkono bila kugeuka.
"Mama, lete maji."
Nilileta.