Kitambi Kimepungua, Mke Kaita Shangazi Zake

Mpendwa mshauri, naomba uniokoe kabla ya Jumamosi, maana shangazi zake mke wangu wanakuja kunikalia kikao na kosa langu ni kupungua kitambi. Mimi ni dereva wa lori, kutwa nimekaa, chipsi naletewa dirishani, soda iko pembeni ya gia, na tumbo lilifika mahali nikikata kona linapiga honi lenyewe, wenzangu wakaniita Bonge nami nikaona ndiyo maisha, hadi tulipopimwa kazini daktari akasema ini langu lina mafuta. Nikamwambia pombe sijawahi hata kuonja, akacheka, akasema kukaa na soda kunatosha kuliharibu, ila nimewahi, nikipunguza uzito litatengemaa. Basi soda nimeacha, nikiegesha nalizunguka lori mpaka walinzi wa yadi wananipigia makofi, nyumbani nakula nusu sahani, na raha ninayoisikia mshauri, juzi nimefunga kamba za viatu bila kutafuta kiti! Tatizo mke wangu alikuwa anajivunia kile kitambi kwa ndugu zake kwamba ananitunza, nami nimeogopa kumwambia habari ya ini asije akapata presha, sasa ananiona sili, nanyooka, napiga mluzi, kaamua nina mwanamke nje. Nifanyeje?

Bonge wa Zamani

Bonge, nimecheka hadi chai ikanimwagikia, kisha nikakasirika. Pole kwa ini, hongera kwa viatu. Lakini mtu mzima unayerudisha trela kinyumenyume unashindwaje kumwambia mkeo sentensi moja? Sahani inabaki nusu, mume anang'aa, mdomo kaufunga. Ulitaka afikirie nini? Mimi ningeita shangazi, tena na majirani.

Mwambie leo, kabla hujavua hivyo viatu. Mwonyeshe majibu ya daktari, na kipimo kijacho nenda naye akaulize mwenyewe. Kisha mkabidhi sahani yako: mboga kwa wingi, mafuta kidogo, aamue yeye. Atakutunza tena, na safari hii atakuwa na cha kujivunia kweli. Wenzako wa yadi nao wakapimwe, si wewe peke yako unayeletewa chakula dirishani.

Kikao usikiahirishe. Shangazi waje, wale, waelezwe. Wakiaga, wasindikizeni kwa miguu hadi kituoni, wewe na mkeo. Kurudi mtakuwa wawili tu. Mshike mkono, nenda naye polepole, na mluzi mwachie apige yeye.