Hesabu Mbili Chini ya Mabati

Jumapili jioni, mwezi wa nne. Leo hakujanyesha, ila ubaridi upo. Mdomo wangu wa chini umevimba kama andazi na chai nainywa kwa upande mmoja.

Jana nilifungua jimu yangu ya cheerleading hapa mtaani Free Area, Nakuru. Jana hiyohiyo nusura niifunge.

Nianze na jengo. Lilikuwa stoo ya mahindi. Tulifagia, tukapiga deki, tukapaka rangi ya samawati, na bado wadudu wa mahindi wanatoka kwenye nyufa kama wapangaji waliokataa kuhama. Juu ni mabati matupu, hakuna dari. Fundi aliniambia dari inaweza kungoja, nami nikakubali kwa sababu siku zile jua lilikuwa kali na mvua haikuwa akilini mwa mtu yeyote.

Mjini kuna jimu ya Kochi Ken. Ina dari, vioo ukuta mzima, na sakafu inayodunda. Nilikuwa msaidizi wake kwa miaka hadi nikaondoka. Shule zote zenye uwezo zinapeleka watoto kwake, na zile chache zisizompenda zimeshachukuliwa na wengine waliofungua baada yake. Mwenye akili angeuliza, jimu nyingine ya nini? Watu nikiwajibu nasema watoto wa Free Area pia wanataka kuruka. Hiyo ni kweli. Lakini kuna ukweli mwingine: nilichoka kuitwa msaidizi.

Kabla ya kilichotokea, nieleze mchezo wenyewe, maana bila hili hakieleweki. Katika mchezo wetu msichana mmoja hurushwa juu. Huyo tunamwita flaya. Wawili wanaombeba miguu ni besi, na wa nne husimama nyuma kumlinda mgongo. Wote huongozwa na sauti ya kochi anayehesabu moja mpaka nane. Kwa Kochi Ken, nane ikipita wanangoja, kisha wanarusha na moja inayofuata. Mimi nikaamua kwangu tutarusha na nane yenyewe.

Kwa nini? Hakuna sababu. Nilitaka tu mtu asiseme Nanjala ameiba kazi ya Ken.

Kiburi kitupu. Nakiandika hapa ili nisije nikakikana.

Watoto wangu karibu wote walikuja kwa mkono wa mtu mmoja, Kukhu Rispa. Kukhu ni nyanya kwa Kiluhya, na mtaani hata wasio Waluhya wanamwita hivyo. Ndiye kiongozi wa akina mama kanisani. Mjukuu wake Shantel, aliye gredi ya sita na mwepesi kama jani, ndiye flaya wangu. Kukhu alipomleta, akina mama wengine nao wakaleta wao. Kwa hiyo hali yangu haihitaji mwanasheria kuielewa: Shantel akiondoka, wanaondoka wote, na jimu inarudi kuwa stoo.

Besi wangu wako sekondari. Brenda ni wa hapa mtaani, nilimfundisha tangu hajui chochote. Joy alinifuata kutoka kwa Ken. Anayesimama nyuma ni Faith, msichana mkimya mwenye mikono ya chuma. Joy nilimwambia siku ya kwanza, "Huku tunaenda na nane." Akasema sawa, Kochi. Mazoezini hakukosea hata mara moja. Nikamsifu, nikajisifu na mimi, nikaacha mambo hapo. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji.

Jana wazazi walijaa. Tuliazima viti vya plastiki kanisani. Kukhu alikaa mbele kabisa, mkoba magotini, uso wa mtu aliyekuja kukagua. Tukafungua kwa maombi. Watoto wadogo wakapiga sarakasi zao, makofi yakapigwa, mama mmoja akapiga vigelegele hadi nikaona haya kwa furaha. Kisha ikaja zamu ya Shantel.

Nikaanza kuhesabu. Nilipofika tano, mvua ikashuka.

Kama hujawahi kukaa chini ya mabati yasiyo na dari mvua ya Nakuru ikishuka, sina namna ya kukueleza. Nilipiga kelele "sita" na sikujisikia mwenyewe. Niliona macho ya wasichana yakinitafuta mdomoni. Ningeinua mkono tu, wangesimama. Tulikubaliana hivyo, mkono juu ni kusimama.

Sikuinua. Niliona aibu kusimamisha mbele ya watu.

Brenda, akijihesabia kichwani, alirusha na nane. Joy alishikwa na hofu, na mwili wake ukarudi kwa Kochi Ken, ukangoja moja. Shantel alipanda mguu mmoja ukiwa juu na mwingine ukiwa bado chini, akapinduka, kichwa kikatangulia.

Sikumbuki kuruka. Nakumbuka kiwiko chake mdomoni mwangu, sakafu ikinipiga mgongo, na yeye juu ya kifua changu akilia. Faith alikuwa ameng'ang'ania shati lake kwa nyuma. Hakuumia. Hata mkwaruzo hakupata. Naandika tena ili niamini: hakuumia.

Kukhu alikuja akamshika shingo, mikono, magoti, kimoja kimoja. Kisha akamfunika kwa leso na kutoka naye kwenye mvua bila kunitazama. Wengine wakafuata. Sikuweza hata kuomba msamaha, kwa sababu mvua ile isingeruhusu mtu kusikia.

Kabla sijamaliza kupanga viti, video ilikuwa imefika kwenye grupu ya wazazi. Haikukawia kufika mjini pia, maana Kochi Ken akapiga simu.

"Niaje Nanjala. Nimeona hiyo kitu. Pole sana. Mtoto yuko poa?"

"Yuko sawa."

"Hiyo mabati itakumaliza, madam. Rudi tu. Nafasi yako bado iko."

Nilitaka acheke ili nimchukie vizuri. Hakucheka. Alikuwa mpole kabisa, na upole wake ulinichoma kuliko kile kiwiko. Nilimwambia nitafikiria. Nikafikiria kweli, tena kwa muda mrefu, na hilo ndilo linaloniudhi.

Leo asubuhi nilienda kwa Kukhu kabla hajatoka kwenda kanisani. Nilimweleza yote pale mlangoni: zile hesabu mbili, kiburi changu, mkono ambao sikuinua. Alisikiliza huku akifunga kitambaa cha kichwa. Nilipomaliza aliuliza swali ambalo sikulitarajia.

"Mwalimu, wewe ulishawai panda huko juu?"

"Nilipanda, Kukhu. Nikiwa chuo."

"Ulianguka?"

"Nilianguka. Nikavunjika mtulinga."

"Na ukapanda tena?"

"Hapana."

"Ee." Akamaliza kufunga fundo. "Kwa hivyo wewe unaogopa, lakini wangu ndio apande. Basi sikia. Tukitoka kanisa tutakuja huko kwako. Hao wasichana wakurushe wewe. Wakikushika tutaongea. Wakikuangusha, pia tutaongea."

Nilijibu "sawa, Kukhu" kama mtoto wa shule, nikaondoka.

Hilo la mtulinga, huu mfupa kati ya shingo na bega, hakuna msichana wangu aliyelijua. Unanivuta siku za baridi, nami husingizia kulala vibaya. Kwa miaka yote hii nimefundisha nikiwa nimesimama chini, naelekeza kwa kidole, nasema "jiachilie, utashikwa," na watoto wa watu wananiamini.

Kanisani sikwenda, Mungu anisamehe. Niliwaita wasichana watatu kule stoo. Joy alikuja macho yakiwa mekundu.

"Kochi, ni mimi. Mimi ndio niliharibu."

"Si wewe. Mimi ndiye niliyekutia hesabu mbili kichwani."

"Sasa tunaenda na gani? Moja ama nane?"

Nilitaka kusema moja, turudie ya Ken yaishe. Lakini Brenda akatazama juu, kwenye mabati, akasema, "Na mvua ikikam tena?" Tukatazamana. Moja au nane, mvua ingemeza zote mbili.

Basi tukaacha namba. Niliwapanga Brenda na Joy waangaliane machoni. Wavute pumzi pamoja, magoti yakunjike na pumzi hiyo, na ikitoka ndipo warushe. Faith awe nyuma akitazama mabega yao. Tulianza na gunia lililojaa makapi ya mahindi, urithi wa wenye stoo. Mara ya kwanza gunia lilianguka likapasuka, na makapi yakaingia hadi masikioni. Tukalishona. Likaanguka tena. Baadaye likaacha kuanguka.

Nikaona hiyo haitoshi. Nikachukua fimbo nikaanza kupiga mlango wa mabati kwa nguvu zangu zote huku nikipayuka namba za uongo: tatu, saba, mbili, nane! Nilitaka wanipuuze. Kinyozi wa jirani alikuja mbio kuuliza kama tumeshika mwizi. Wasichana hawakugeuka. Waliangaliana tu, wakavuta pumzi, na gunia likapanda likiwa limenyooka.

Gunia halina mtulinga lakini, nikawaambia, na kwa mara ya kwanza nikawasimulia wa kwangu na sharti la Kukhu.

Walikuja mchana, wakiwa na nguo zao za kanisa. Hawakuwa wengi kama jana, lakini walikuwa wengi wa kutosha kuniona nikianguka. Kukhu alikataa kiti. Shantel alisimama kando yake amemshika sketi, viatu vyeusi vinang'aa.

Nilivua viatu. Mimi ni mfupi na kwa bahati sijanenepa, kwa hiyo upande wa uzito sikuwa na kisingizio. Niliweka mikono kwenye mabega ya Brenda na Joy, mguu mmoja kwenye viganja vya Joy.

"Kochi, unanifinya bega," Joy akaninong'oneza.

"Najua."

"Usiangalie chini. Jikaze tu tumbo."

Hayo ni maneno yangu mwenyewe, neno kwa neno. Sijui kwa nini hayakuwahi kunisaidia nilipokuwa nayasema mimi.

Nilisikia pumzi zao zikiingia. Zikatoka, na nikawa juu.

Mabati yalikuwa karibu kuliko nilivyodhani. Kulikuwa na tundu la msumari lililopitisha mwanga, nikalikodolea macho hilo. Miguu yangu ilishikwa imara. Lakini kukaa juu si mtihani. Mtihani ni kushuka, kwa sababu flaya hushuka kwa kujilaza nyuma hewani, mikono ikiwa kando, bila kutafuta pa kushika. Chuoni nilianguka kwa sababu hiyohiyo. Nilitafuta pa kushika.

Nilikaa juu kupita kiasi. Nilijua, ila kushuka sikuweza. Kisha nikasikia mikono ya Joy ikianza kutikisika chini ya unyayo wangu, na nikaelewa kwamba hofu yangu ni mzigo, na wanaoubeba ni watoto. Nikafumba macho. Nikajiachilia.

Walinishika.

Nililia pale mikononi mwao, mbele ya wazazi, mdomo umevimba, sikupendeza hata kidogo. Hakuna aliyepiga makofi. Wote walikuwa wanamtazama Kukhu.

Kukhu akaweka mkoba wake sakafuni, akachuchumaa kwa taabu, maana magoti yake ni ya siku nyingi, na akaanza kumfungua Shantel viatu vya kanisa.

"Polepole lakini," akasema bila kuinua kichwa. "Na wewe mwalimu usimame nyuma yake. Hapo mbele hufanyi kazi."

Nikasimama nyuma yake. Shantel hakupanda juu sana, mabegani tu, kisha akashuka akicheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimeshika kiuno chake hadi Faith akaniambia niachilie, mtoto ameshafika chini.

Sitaki kujidanganya. Wazazi wawili wameshaniandikia kwamba watoto wao wanahamia kwa Ken, na siwalaumu. Ken mwenyewe nimemtumia ujumbe: asante kwa moyo wako, sitarudi. Dari bado haipo. Sijui kama jimu hii itauona mwisho wa mwaka. Na Joy, kabla hajaondoka, aliniuliza kama mtulinga bado unauma. Nikamwambia ukweli, unauma.

Kesho wakitoka shule kuna mazoezi. Kutoka hapa mlangoni naona mawingu yamelala juu ya mlima Menengai, meusi, yanakuja upande wetu.

Acha inyeshe.